Somo la Afya: Tiba ya Mzizi wa Jino na Wajibu wa Kamati za Parokia



Ndugu wajumbe wa kamati za afya za parokia, pamoja nanyi marafiki na wafadhili mnaotusoma kutoka mbali, karibuni katika somo la robo hii. Tulikuwa tumeahidi kuendelea na somo la maji safi. Hata hivyo, baada ya huduma za mkoba za meno zilizofanyika vigangoni, tumepokea barua na simu nyingi zenye swali lile lile: "Kwa nini tabibu alikataa kumng'oa mgonjwa jino linalomuuma, akamwandikia aende hospitali ya mkoa? Si ndiyo sababu tulimleta?" Swali hilo linastahili somo zima. Somo la maji litasubiri toleo lijalo.

Kabla ya kujibu, ofisi hii ina jambo la kukiri. Kwa miaka mingi katika taarifa zetu kwa wafadhili tumeandika idadi ya meno yaliyong'olewa, kana kwamba tunahesabu magunia ya mahindi baada ya mavuno. Kadiri idadi ilivyokuwa kubwa, ndivyo tulivyoona kuwa kazi imefanyika. Ni kweli kwamba jino likitoka maumivu yanakwisha, na kwa wagonjwa wengi hiyo ndiyo huduma inayowezekana. Lakini katika ndoo ile yamo pia meno ambayo yangeweza kubaki mdomoni mwa wenyewe kwa miaka mingi bado. Somo hili linahusu meno hayo.

Ndani ya jino kuna nini

Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba jino bovu limeliwa na mdudu. Imani hiyo si ya kwetu peke yetu. Ilikuwapo karibu duniani kote, na hata Ulaya watu waliishikilia mpaka wataalamu kama Pierre Fauchard wa Ufaransa, aliyeandika kitabu chake kikubwa juu ya meno mwaka 1728, walipoanza kuipinga. Mdudu wa kuonekana kwa macho hayupo. Waliopo ni vijidudu vidogo mno, vinavyoishi katika utando laini unaoganda juu ya meno. Tunapokula sukari, vijidudu hivyo navyo vinakula, kisha vinatoa tindikali. Tindikali hiyo ndiyo inayolainisha jino kidogo kidogo mpaka linatoboka.

Jino lina tabaka tatu. Nje kuna enameli, gamba jeupe ambalo ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, kuliko hata mfupa. Chini yake kuna dentini, ambayo ni ya manjano na laini zaidi, nayo ina vijitundu vidogo sana vinavyoelekea ndani. Katikati kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini hushuka katika mifereji myembamba ndani ya mizizi, na mishipa yake huingia kupitia tundu dogo kwenye ncha ya mzizi. Jino la mbele la juu kwa kawaida lina mzizi mmoja na mfereji mmoja. Gego la chini mara nyingi lina mizizi miwili na mifereji mitatu, pengine minne. Tofauti hiyo tuikumbuke, maana inaeleza kwa nini kutibu gego ni kazi ndefu kuliko kutibu jino la mbele.

Sasa, kwa nini maumivu ya jino humliza hata mtu mzima? Kidole kikiumia kinavimba, na ngozi inatanuka kukipa nafasi. Kiini cha jino kimefungiwa katika chumba chenye kuta ngumu. Kikishambuliwa na vijidudu kinataka kuvimba, lakini hakina pa kwenda, hivyo mishipa inabanwa. Usiku mgonjwa anapolala chali damu huongezeka kichwani na maumivu huzidi. Ndiyo maana mwenye jino bovu anaamka, anakaa kitandani, anashika shavu na kungoja kukuche.

Wajumbe wa kamati wajifunze kutofautisha maumivu ya namna mbili, kwa sababu hapo ndipo ushauri unapoanzia. Jino likishtuka kwa maji baridi au kitu kitamu, kisha likatulia mara moja, kiini bado kinaweza kupona. Linahitaji kuzibwa tu, tena mapema. Lakini maumivu yakianza yenyewe bila kuguswa, yakaendelea kwa dakika nyingi baada ya kinywaji cha moto au baridi, au yakimwamsha mtu usiku, basi kwa kawaida kiini kimekwisha kuharibika na hakitarudi. Hapo zinabaki njia mbili: kutibu mzizi au kung'oa.

Ukimya unaodanganya

Baada ya usiku kadhaa wa mateso, mara nyingi maumivu hukoma yenyewe. Mgonjwa anamshukuru Mungu, anasema ile dawa ya jirani imemsaidia, na anarudi shambani. Ukweli ni kwamba kiini kimekufa. Mshipa wa fahamu uliokufa haupigi kelele. Vijidudu vinaendelea kuzaliana ndani ya mfereji, kisha vinatokea kwenye ncha ya mzizi na kuanza kuharibu mfupa wa taya. Baada ya majuma, miezi au hata miaka, kinatokea kijipu kwenye fizi kinachopasuka, kinatoa usaha wenye ladha mbaya, kinakauka, kisha kinarudi tena. Mara nyingi kijipu hicho hakiumi, na mtu anakizoea.

Hapa tuseme neno juu ya vidonge. Wengi hununua amoksilini katika duka la dawa, wanameza siku tatu, uvimbe unapungua, na wanadhani wamepona. Dawa husafiri ndani ya damu. Kiini kilichokufa hakina tena damu inayoingia, kwa hiyo dawa haiwezi kufika pale vijidudu vilipo. Inapunguza vita nje ya mzizi, huku adui akibaki ndani ya ngome yake. Daktari anaweza kutoa antibiotiki pale uvimbe unaposambaa au mgonjwa anapokuwa na homa, lakini vidonge peke yake havijawahi kuponya mzizi uliooza. Kuvimeza ovyo kunavifanya vijidudu viwe sugu, na hasara hiyo itatupata sote siku mtoto atakapougua kichomi.

Zipo pia dawa za hatari kabisa. Tumekutana na watu waliotia maji ya betri kwenye jino, wengine mafuta ya taa, wengine wameweka kidonge cha aspirini juu ya fizi hadi ikaungua na kuwa nyeupe. Karafuu ni afadhali. Mafuta yake yana kitu kinachotuliza maumivu kweli, na madaktari wa meno wenyewe wamekitumia kwa miaka mingi, wakikichanganya na unga wa zinki ili kuziba jino kwa muda. Lakini hata karafuu ya Pemba inatuliza tu, haisafishi mzizi.

Na kuna dalili ambazo hazingoji kikao. Mgonjwa akivimba chini ya taya pande zote mbili, ulimi ukainuka, akashindwa kumeza mate, kufungua mdomo au kupumua vizuri, au uvimbe ukifika jichoni pamoja na homa kali, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na gari ni la kukodi. Usaha ulioanzia kwenye jino unaweza kuziba njia ya hewa, na watu wamekufa kwa hilo. Fedha ya gari itolewe kwanza, saini za mweka hazina zitafuata.

Tiba inavyofanyika

Tiba ya mzizi maana yake ni kuondoa kiini kilichooza, kusafisha mifereji yake, kuijaza na kuifunga, ili jino libaki mahali pake bila vijidudu. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi kama yule anayeng'olewa. Kisha daktari hufunga kipande cha mpira mwembamba kuzunguka jino, ili mate yasiingie na vyombo visianguke kooni. Mpira huo si pambo. Ulibuniwa na daktari wa meno wa New York, Sanford Barnum, mwaka 1864, na mpaka leo kazi inayofanyika bila kulitenga jino na mate ina hatari kubwa ya kuharibika, kwa kuwa mate yenyewe yamejaa vijidudu.

Daktari hutoboa tundu dogo juu ya gego, au kwa nyuma kama ni jino la mbele. Anaingiza visindano vyembamba vyenye makali kama msasa, ambavyo mafundi huviita faili, na kukwangua mfereji hadi karibu na ncha ya mzizi. Urefu anaupima kwa picha ya eksirei au kwa kifaa cha umeme; akiishia njiani anaacha uchafu, akipita kiasi anaumiza mfupa. Kati ya faili na faili anaosha mfereji kwa maji ya klorini yaliyopimwa, jamii ya dawa ile ile inayong'arisha nguo nyeupe. Mara nyingi, hasa penye usaha, anaweka ndani dawa ya jamii ya chokaa, anaziba kwa muda, na kumpangia mgonjwa arudi baada ya wiki moja au zaidi.

Mara ya pili mfereji ukiwa mkavu hujazwa kwa gatapacha. Huu ni utomvu wa mti unaoota Malaysia na visiwa vya jirani, nao hulainika kwa joto na kukaza ukipoa. Utomvu wa namna hiyo hiyo ndio uliozifunika nyaya za simu ya maandishi zilizolazwa chini ya bahari na kufika Zanzibar mwaka 1879, kwa sababu maji ya chumvi hayaupenyi. Mwishoni jino huzibwa kabisa. Gego linahitaji zaidi ya hapo: kwa kuwa limechimbwa na bado linatafuna, lisipofunikwa kwa kofia ya chuma au kauri linaweza kupasuka vipande viwili, na kazi yote ikawa bure. Jino la mbele lenye tundu dogo mara nyingi hutosheka na kuzibwa tu.

Je, inafaa? Ikifanywa vizuri na kumalizika, ndiyo. Tafiti zilizofuatilia wagonjwa kwa miaka zimeonyesha kwamba zaidi ya meno 8 kati ya 10 hupona, na mfupa uliokuwa umeliwa hujijenga tena. Sababu ilifahamika vizuri mwaka 1965, pale watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walipotoboa meno ya panya wa kawaida na ya panya waliolelewa bila kijidudu chochote. Viini vya panya wa kawaida vilikufa. Vya wale wengine vilipona na kujijengea ukuta mpya, ingawa chakula kilikuwa kimejaa kwenye tundu. Tangu hapo hapakuwa tena na ubishi kwamba adui ni vijidudu, na kwamba mfereji ukitakaswa na kufungwa mwili unaweza kufanya sehemu yake.

Habari ya mwalimu wa chekechea

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike somo hili. Katika huduma ya mkoba mojawapo alikuja mwalimu wa chekechea wa kigango, dada ambaye jina lake tunalihifadhi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika majina. Jino lake la mbele la juu liligongwa alipoanguka utotoni, likageuka rangi kuwa la kijivu, na kijipu kilikuwa kinatoka kwenye fizi mara kwa mara. Alikuwa na mazoea ya kuweka kiganja mdomoni anapocheka. Alitaka ling'olewe tu.

Tabibu alitazama, akasema jino hili lina mzizi mmoja ulionyooka na halijavunjika, linaweza kuokolewa, lakini si hapa chini ya mwembe. Kamati ya parokia yake ilifanya jambo jema: ililipia matibabu mjini kutoka katika mfuko wa afya. Dada akaenda. Mzizi ulisafishwa, ukawekwa dawa, jino likazibwa kwa muda, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Kijipu kilikauka. Katika daftari letu tukaandika "ametibiwa", na katika taarifa ya robo ile alihesabiwa miongoni mwa waliokamilisha.

Hakurudi. Hapakuwa tena na maumivu, ulikuwa msimu wa kupalilia, na nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa sawa na chakula cha nyumbani kwa siku kadhaa. Hakuna aliyemuuliza: si kamati, si ofisi hii. Dawa ya kuziba kwa muda hailingani na ile ya kudumu, ilimomonyoka. Baada ya miezi kama saba jino lilivunjika akila mhindi wa kuchoma, na siku chache baadaye uso ulikuwa umevimba hadi chini ya jicho. Safari hii lilikuwa limevunjika ndani ya fizi, halikuwa la kuokoa. Liling'olewa. Leo anavaa jino la bandia la kuchomoa, na anasema linamsumbua anapowaimbisha watoto.

Nilipomtembelea aliniambia hivi: "Ningejua kwamba kazi haijaisha, ningekopa nauli. Nilidhani nimepona."

Wafadhili wetu wana haki ya kujua kwamba fedha ile ilitumika, risiti ipo, na jino limepotea. Hatukuibiwa wala daktari hakukosea. Tulilipia nusu ya tiba tukaiita tiba. Nimerudia mara kadhaa kusoma habari ya Msamaria Mwema katika Injili ya Luka, na kila mara naona kitu tunachokipita haraka tunapohubiri: hakuishia kumfunga majeraha yule mtu na kumfikisha katika nyumba ya wageni. Kesho yake alimlipa mwenye nyumba, na akaahidi kwamba akirudi atalipa gharama itakayozidi. Alipanga safari ya pili kabla hajaondoka. Sisi tulipanga ya kwanza peke yake.

Tangu wakati huo tumebadilisha daftari. Mgonjwa aliyepelekwa kutibiwa mzizi anaandikwa mara tatu: siku mzizi uliposafishwa, siku ulipojazwa, na siku jino lilipozibwa kabisa au kuvikwa kofia. Safu ya tatu ikiwa tupu, mtu huyo hajatibiwa na haingii katika taarifa. Nauli ya safari zote inatengwa siku ya kwanza, na mjumbe mmoja wa jumuiya ndogo ndogo anapewa jina la mgonjwa amkumbushe. Idadi katika taarifa zetu itashuka. Tunaomba wafadhili msishtuke.

Uvumi tunaoulizwa

Uvumi wa kwanza ni kwamba kugusa jino la juu kunapofusha macho, eti kwa kuwa "mshipa wa jicho" unapita humo. Si kweli. Mshipa wa kuona hautoki kwenye jino. Kinachoweza kudhuru jicho ni usaha ulioachwa ukapanda juu, na mtu akipata madhara baada ya kuchelewa, lawama inaangukia koleo.

Wa pili unasambazwa sana siku hizi kwa simu: kwamba jino lililotibiwa mzizi linaleta saratani na magonjwa ya moyo. Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1910 daktari Mwingereza William Hunter alihutubia huko Montreal, Kanada, akilaumu kazi za meno zilizofunika uchafu ndani ya mizizi, na akasema magonjwa mengi ya mwili yanatoka huko. Kuhusu uchafu alikuwa na hoja, maana wakati ule vyombo havikutakaswa vizuri na eksirei ilikuwa ngeni. Lakini waliomfuata walivuka mpaka, na kwa miongo kadhaa watu wengi waling'olewa meno ili watibiwe baridi yabisi na magonjwa mengine, wasipone. Utafiti ulipofanywa kwa makini nadharia ile iliachwa. Jambo lililo kweli ni kwamba mwenye kisukari asiache usaha mdomoni, kwa sababu maambukizo huvuruga sukari yake na sukari ikivurugika kidonda hakiponi.

Wa tatu ni kwamba mjamzito haruhusiwi kutibiwa jino. Anaruhusiwa. Amwambie daktari mimba ina umri gani. Miezi ya katikati ndiyo yenye nafuu kwake, lakini usaha haungojwi mpaka ajifungue.

Wakati kung'oa ndiko sahihi

Mtu asitoke katika somo hili akiwalaumu matabibu wanaong'oa. Jino lililovunjika ndani ya fizi, linalotikisika kwa ugonjwa wa fizi, gego la mwisho lililoota kwa upande, au lililooza kiasi kwamba halina pa kushikia kofia, haya yang'olewe. Na kuna sababu nyingine ambayo vitabu huigusa kidogo: mgonjwa asiyeweza kurudi. Mzee anayekaa kilomita nyingi kutoka barabarani, asiye na wa kumsindikiza, kwake jino lililong'olewa vizuri leo ni afadhali kuliko mzizi uliosafishwa nusu. Kamati imuulize kwa heshima kabla ya kumwandikia rufaa. Gharama ya kutibu mzizi ni mara kadhaa ya kung'oa, na gego pamoja na kofia yake ni zaidi.

Kwa maoni yangu, mfuko wa parokia ukiwa mdogo uanze na meno ya mbele ya vijana. Mzizi ni mmoja, kazi ni fupi, mara nyingi kofia haihitajiki, na pengo la mbele linamfuata kijana katika usaili wa kazi na katika uchumba. Wengine katika ofisi wanaona magego yatangulie, kwa sababu ndiyo ya kutafunia. Tumekubaliana kutokubaliana, kila parokia iamue.

Kabla mzizi haujafikiwa

Kuna njia ya bei nafuu zaidi, nayo ina historia ya hapa hapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno kutoka Uholanzi, na wenzake walianza nchini kwetu kuziba meno bila mashine ya kutobolea wala umeme: sehemu iliyooza huondolewa kwa vyombo vya mkono peke yake, na tundu hujazwa kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino na kutoa floraidi. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipohusu kinywa na meno, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa mengine. Mwaka 2021 shirika hilo hilo liliingiza saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, katika orodha yake ya dawa muhimu. Kazi hiyo inaweza kufanyika darasani, mtoto akiwa amelala juu ya meza. Jino likizibwa wakati bado linashtuka kwa maji baridi tu, mzizi wake hauguswi.

Floraidi tunayoisema ni ile ya kupigia mswaki mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala, kutema bila kusukutua sana. Parokia za Arusha, Kilimanjaro na maeneo ya Bonde la Ufa zifahamu kwamba maji ya huko yana floraidi nyingi kupita kiasi, na madoa ya kahawia kwenye meno ya vijana wao yametokana na hayo. Doa si uozo. Meno hayo yasing'olewe kwa sababu ya rangi.

Kwa marafiki wanaotaka kutuma vifaa

Tumeulizwa kama tunahitaji kiti cha meno kilichotumika. Asanteni kwa moyo huo, lakini tafadhali msitume kwanza. Kiti kinahitaji umeme wa uhakika, maji, hewa ya kubana na fundi. Kisipovipata kitageuka kabati la mafaili. Kinachokwamisha tiba ya mzizi katika hospitali tunazoshirikiana nazo ni vitu vidogo vinavyokwisha: faili mpya (zilizochakaa huvunjikia ndani ya mfereji), vipande vya mpira, gatapacha, na matengenezo ya mashine ya eksirei na ya kutakasa vyombo kwa mvuke. Vitu hivyo vinapatikana Dar es Salaam, hivyo fedha inafaa kuliko kontena. Na kama mfadhili anauliza ni kitu gani kimoja kinachopungua kuliko vyote, jibu letu ni nauli.

Kwa kikao cha kamati

Paroko na mwenyekiti wasome somo hili pamoja na wajumbe, kisha wajadili. Katika kigango chenu ni nani mwenye kijipu cha fizi alichokizoea? Kati ya mliowapa rufaa mwaka uliopita, wangapi walirudi mara ya pili, na nani aliwauliza? Hospitali ya karibu inayotibu mizizi iko wapi, siku zipi, na nauli ya kwenda na kurudi mara tatu ni shilingi ngapi? Mjibu kwa majina katika daftari lenu, na kwa idadi peke yake katika barua ya kuja kwetu, ili siri za wagonjwa zitunzwe.

Tarehe 9 Februari Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Apolonia, aliyeuawa kwa ajili ya imani huko Aleksandria mwaka 249 baada ya watesi kumvunja meno, na ambaye wenye maumivu ya meno humwomba awaombee. Tunapendekeza juma lenye sikukuu hiyo litumike kupima meno ya watoto wa chekechea na Utoto Mtakatifu. Parokia zinazotaka tabibu wa kuzibia meno juma hilo zituandikie kabla ya mwisho wa Novemba, zikitaja idadi ya watoto na kama kuna chumba chenye meza imara na maji ya kunawa. Yule mwalimu wa chekechea amekubali kuongozana na timu na kuzungumza na wazazi.